Togwa Haikai Kwenye Kabati la Kioo

Kalenga iko kilomita kama 15 kutoka Iringa mjini, kando ya Mto Ruaha Mdogo. Hapo ndipo lilipokuwa boma la Mtwa Mkwawa mpaka Wajerumani walipolivunja kwa mizinga mwezi Oktoba 1894. Leo pana makumbusho madogo, na ndani yake, kwenye kabati la kioo, limewekwa fuvu la Mkwawa. Fuvu hilo lilitajwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246: Ujerumani ilitakiwa ilikabidhi kwa Waingereza ndani ya miezi sita. Lilirudi mwaka 1954. Miezi sita ilichukua miaka 35.

Sina ugomvi na fuvu. Lilistahili kurudi na linastahili heshima. Ugomvi wangu ni na somo tulilolipata pale bila kufundishwa: kwamba utamaduni ni kitu cha kuwekwa nyuma ya kioo, unakwenda kukitazama mara moja na darasa lako, unapiga picha, unarudi mjini kula chipsi mayai.

Chakula chetu tumekifanyia hivyo hivyo. Siku ya utamaduni chuoni tunavaa migolole, tunapanga vibuyu na nyungo mezani, mtu anaandika kwa kalamu nzito "Vyakula vya Asili vya Nyanda za Juu Kusini", na pembeni anakaa mama mmoja aliyeletwa kutoka kijijini kwa sababu kati yetu sote hakuna anayeweza kupika hata kimoja kati ya hivyo vilivyoandikwa. Makofi yanapigwa. Mama anarudishwa kwao na bodaboda. Ujuzi unaondoka naye, umepakiwa nyuma.

Nasema hivi: kijana msomi wa Iringa, Njombe au Mbeya asiyejua kupika chakula cha kwao hana haki ya kuhubiri habari za utamaduni. Na simsemi binti peke yake. Namsema zaidi kijana wa kiume.

Kabla hujaniambia kwamba haya ni mambo madogo, tazama takwimu. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulipima watoto wa chini ya miaka mitano nchi nzima. Kitaifa, waliodumaa walikuwa asilimia 30. Iringa walikuwa asilimia 56.9, na hakuna mkoa uliotuzidi. Njombe ilifuata kwa asilimia 50.4, kisha Rukwa kwa asilimia 49.8. Hii ndiyo mikoa ambayo tangu shuleni tumefundishwa kuiita ghala la taifa. Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa ndiyo mikoa minne iliyolisha nchi mahindi miaka mingi. Malori ya nyanya yanashuka kutoka Ilula kila siku kwenda Dar es Salaam. Maharage tunayo, alizeti tunayo, viazi tunavyo, parachichi tunauza nje. Na zaidi ya nusu ya watoto wa Iringa ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka, na kudumaa huko hakuishii kwenye kimo, kunagusa hadi akili na masomo.

Najua sababu za udumavu ni nyingi. Maji, maradhi, mimba za mapema, mama anayetoka alfajiri kwenda shambani na kurudi jua likiwa limeinama, mtoto akiwa amekula mara mbili tu kwa siku. Mtu akikwambia sufuria moja itamaliza haya yote, anakuuzia kitu. Lakini mtu akikwambia kwamba jikoni hakuhusiki, huyo naye hajawahi kumlisha mtoto wa miezi minane.

Chukua togwa. Wengi wetu tunaijua kama kinywaji cha msibani au cha sherehe, kitamu chenye uchachu, cha kunywa kwa bakuli la plastiki. Wachache wanajua kilichomo. Unaloweka ulezi usiku kucha, unachuja maji, unaufunika kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu mpaka uchipue. Unauanika juani ukauke, unausaga. Unga huo ndio kimea. Kisha unapika uji mzito wa mahindi, unauacha upoe mpaka kidole kiweze kuuvumilia, ndipo unatia kimea kidogo na kukoroga. Uji uliokuwa umesimama kama ugali mchanga unalegea mbele ya macho yako, unakuwa wa kunywa, na ukiuonja umeanza utamu bila sukari. Ukiuacha mpaka kesho yake, unachachuka, na hiyo ndiyo togwa.

Kilichotokea hapo kina jina darasani. Nafaka inapochipua hutengeneza vimeng'enya vinavyokata wanga uwe sukari. Ukitia kimea kwenye uji wa moto mkali, vimeng'enya vinakufa na uji haulegei; ndiyo maana bibi anachovya kidole kwanza. Kidole chake ndicho kipimajoto. Tulipofundishwa vimeng'enya kidato cha tatu, tulichora chati ya joto na kasi, tukapewa alama zetu, na hakuna aliyetwambia kwamba bibi alikuwa akifanya jaribio lile lile kila wiki.

Sasa fikiria tumbo la mtoto mchanga, ambalo ukubwa wake ni kama ngumi yake mara chache. Uji wa kawaida ukiupika mzito, mtoto hawezi kuumeza. Ukiupika mwepesi, ni maji yenye rangi. Atashiba kabla hajapata nguvu. Mama wengi wanachagua mwepesi, kwa sababu mtoto anaunywa bila kulia. Kimea kinavunja mtego huo: unapika uji wenye unga mwingi, kimea kinaulegeza, unauchemsha tena kidogo kwa usalama, na kikombe kile kile kinabeba chakula zaidi. Hayo si maneno yangu. Miaka ya 1980 wataalamu wetu, wakiwemo wa Taasisi ya Chakula na Lishe iliyoanzishwa mwaka 1973, waliuchunguza unga wa kimea kwa sababu hiyo hiyo na kuhimiza utumike kwa watoto. Na uchachu wa togwa nao una kazi: bakteria wanaouchachua hutoa asidi inayowanyima nafasi wadudu wengi wa kuharisha.

Bado uji huo unahitaji karanga, maziwa, yai au dagaa waliosagwa. Kimea hakileti protini kutoka hewani. Lakini ni nani kati yetu, wenye shahada zetu za biolojia, uuguzi na kilimo, anayeweza leo kuotesha ulezi ukafaa? Tutafika kijijini na mabango ya lishe, tumweleze mama wa miaka 24 habari za vimeng'enya, halafu akituuliza "Haya, nioneshe", tutatafuta video.

Na Iringa tuna aibu ya ziada, kwa sababu tuliwahi kuwa shule ya dunia katika jambo hili. Mwaka 1983 Serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani walianza mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa wa Iringa, wakati huo Njombe ikiwa ndani yake. Watoto walipimwa uzito kijijini, mbele ya wazazi, na kijiji chenyewe kikakaa kujadili kwa nini fulani hakui na nini kifanyike kwa walichonacho. Utapiamlo mkali ulipungua. Mchoro ambao UNICEF iliutoa mwaka 1990 kueleza chanzo cha utapiamlo, unaofundishwa mpaka leo vyuoni Ulaya na Marekani, ulikomaa kutokana na yaliyoonekana hapa. Vipimo vya wakati ule na vya sasa havifanani moja kwa moja, kwa hiyo sitavilinganisha. Ninachosema ni kwamba jibu halikuwa geni kwetu. Lilikuwa kijijini, likajadiliwa kwa Kiswahili na Kihehe, likapikwa. Halafu sisi watoto wa waliolipika tukaenda shule na kurudi bila kulijua.

Kuna wapinzani wa aina tatu katika jambo hili, na nitawajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza ni rafiki yangu mpenda asili. Yeye anakubaliana nami haraka mno. Atasema wazee walikula vya asili ndiyo maana walikuwa na nguvu, na sisi tumeharibiwa na vya wazungu. Ndugu yangu, tazama sahani yako. Mahindi yalitoka Amerika. Karanga zilitoka Amerika. Maboga yenye majani tunayoyaita msusa, Amerika. Maharage ya Mbeya unayoyasifia, Amerika, na nyanya vilevile. Ugali wa dona kwa msusa wa karanga, chakula kinachonitoa machozi nikiwa mbali, karibu chote kilivuka bahari. Vya Afrika hasa ni ulezi, mtama, kunde na mlenda, na hivyo ndivyo unavyoviona haya. Chakula cha nyumbani hakipati thamani yake kwa kuwa cha kale. Kinaipata kwa ujuzi ambao watu wa mahali fulani wameurundika juu yake, mkono kwa mkono, mpaka mmea wa kigeni ukawa mboga ya kwao.

Na ujuzi huo una makali. Mpenda asili anasema tule dona tuache sembe, kwa sababu sembe imekobolewa, kiini chenye mafuta na vitamini kimekwenda kwa ng'ombe na kuku. Ni kweli. Lakini dona ya mahindi yaliyoota ukungu ni hatari kuliko sembe, kwa sababu sumukuvu hujaa zaidi kwenye ganda na kiini, vile vile ambavyo dona inavibakiza. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu huko Dodoma na Manyara. Bibi anayekaa na ungo asubuhi nzima akichambua punje zilizobadilika rangi, akiziweka kando na kukataa hata kuwapa kuku, hapotezi muda. Hiyo ni nusu ya upishi wa dona. Ukimwiga kwenye mwiko bila kumwiga kwenye ungo, hujajifunza kitu.

Mpinzani wa pili ni mtu wa mjini. Anasema hana muda, gesi ni ghali, makande yanataka saa nne. Ana haki ya kulalamika bei ya mtungi. Ila tuzungumze ukweli kuhusu makande. Mahindi yaliyokobolewa na maharage yakilowekwa tangu jioni, maji yale yakamwagwa asubuhi, yakachemshwa kwa nguvu angalau robo saa, kisha sufuria ikafunikwa vizuri, ikazungushiwa blanketi na kuachwa saa mbili, gesi utakayotumia kuyamalizia ni kidogo. Yakiiva unaunga kitunguu, unamimina karanga zilizosagwa, unaacha moto mdogo. Sufuria moja inakulisha siku tatu wewe na mwenzako wa chumba. Hesabu umetumia shilingi ngapi kwa chipsi siku hizo tatu, kisha urudi tuendelee na habari ya gharama.

Msusa nao hauhitaji hata nusu saa jikoni. Kazi yake iko kabla ya moto: kuchuma majani machanga, kuvuta zile nyuzi kutoka kwenye kikonyo mpaka nyuma ya jani, kwa sababu zikibaki zinakwaruza koo. Unakata, unachemsha na maji kidogo pamoja na maua yake na vijiboga vichanga kama vipo, nyanya, kitunguu. Karanga zilizotwangwa unazikoroga na maji ya baridi kwanza ndipo unamimina, la sivyo zinafanya mabonge. Kuanzia hapo usifunike na usiondoke, maana karanga zinafurika na kushika chini ukigeuka tu. Ukiona mafuta yameanza kuelea pembeni, epua. Chumvi mwishoni, ukionja. Basi. Haya yote nimeyaeleza kwa aya moja, na kuna watu wana miaka 28, wana shahada mbili, na kila wakitaka kula msusa wanampigia simu mama.

Na siku mama asipopokea?

Mpinzani wa tatu ndiye ninayemheshimu. Ni dada zangu, na hoja yao ni hii: kila mwanamume akianza kuomboleza chakula cha nyumbani, mwisho wake ni mwanamke kurudishwa kwenye mafiga. Tumesoma ili tutoke kwenye moshi, wanasema, na wewe unaandika insha nzuri ya kuturudisha. Nani atatwanga hizo karanga?

Wamesema kweli. Tumeurithi upishi huu pamoja na dhuluma yake. Aliyekuwa akichambua mahindi asubuhi ndiye aliyekuwa akilima mchana na kuteka maji jioni, na hakuna aliyemuuliza kama amechoka. Wataalamu wa lishe wamesema miaka mingi kwamba mzigo wa kazi wa mama ni sababu mojawapo ya mtoto kudumaa. Kwa hiyo anayetaka vyakula hivi viendelee kwa kuongeza mzigo juu ya kichwa kile kile anatengeneza ugonjwa anaodai kuutibu.

Jibu langu ni kwamba ujuzi ulioachwa mikononi mwa mtu mmoja aliyechoka lazima ufe. Atauacha siku ya kwanza akipata nafasi, na atakuwa amefanya haki. Ukitaka mfano wa ujuzi usiokufa, tazama ulanzi. Kugema ulanzi si kazi nyepesi. Unahitaji kujua chipukizi lipi la mwanzi liko tayari, ulikate vipi, urudi asubuhi na jioni kulikata tena kidogo ili lisizibe, uzuie wadudu, ujue ni saa ngapi umegeuka kutoka utamu kwenda ukali. Ni ujuzi mgumu kama wa kimea. Lakini hujasikia mtu akilia kwamba ulanzi unapotea Iringa. Mvua zikianza, vibuyu na madumu yananing'inia kwenye mianzi. Kwa nini? Kwa sababu wanaume wanaugema, wanaume wanaunywa, na unauzwa. Chenye heshima na fedha kina wanafunzi. Togwa imebaki bila wanafunzi kwa sababu tumesema ni kazi ya mama, na kazi ya mama kwetu haina mshahara wala cheti.

Kwa hiyo kaka, neno hili ni lako. Ukiweza kubeba gunia la viazi, unaweza kutwanga. Ukiweza kukaa saa mbili ukibishana habari za Simba na Yanga, unaweza kukaa nusu saa ukivuta nyuzi za msusa, na ubishi uendelee hapo hapo. Usiniambie mila zetu haziruhusu mwanamume jikoni. Mila zetu hazikuruhusu pia binti kusoma sheria, na tuliziambia zisubiri nje. Mtoto wako akifikisha miezi sita, atakayejua uji unapikwaje usiwe mtu mmoja tu ndani ya nyumba.

Kuna atakayesema Mbeya wana hali nafuu, kwamba wao bado wana ndizi zao za Rungwe na mchele wao wa Kyela. Ninyi wa huko mnajijua. Mchele wa Kyela unauzwa nchi nzima, kwa hiyo hautapotea. Swali ni ndizi: ni wangapi kati yenu mnaweza kuzimenya, mzipike na maharage zikaiva pamoja bila moja kuipita nyingine, bila kumuuliza mtu? Mkiinua mikono wengi, nitakuja kujifunza.

Sasa, mapishi haya hayapatikani kwa kuyapenda. Hata kuyaandika peke yake hakutoshi, maana "unga kiasi" na "maji ya kutosha" ni siri zilizo mkononi, hazimo kwenye karatasi. Ukienda nyumbani likizo hii, usikae sebuleni ukisubiri kuitwa mezani kama mgeni rasmi. Nenda jikoni. Mwambie bibi au mama, "Shikamoo, leo naomba nipike mimi, wewe ukae unielekeze." Atacheka. Atasema utaunguza. Kaa. Kabla hajamimina unga kwa kiganja, mwombe aumimine kwanza kwenye kikombe ujue ni kiasi gani. Muulize maji yakoje anaposema yamefika. Weka kidole chako kwenye uji pale alipoweka chake. Andika. Siku ya pili, yeye asiseme neno mpaka umalize. Siku ya tatu apike mdogo wako wa kiume, wewe uelekeze.

Anza na togwa. Inahitaji siku nne au tano kwa sababu ya kuotesha ulezi, kwa hiyo usifike Jumamosi ukaondoka Jumapili. Na ukirudi mjini, beba kimea kwenye mfuko, kipikie mtoto wa jirani uji, umwoneshe na baba yake.